Nyaya za ubongo: kiasi gani tumerithi, na hiyo asilimia ina maana gani hasa?

#1 FundiPicha

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi fulani humu mtu aliandika kwa kujiamini kabisa: "Nyaya za ubongo ni za kurithi kwa asilimia 50 na ushee, kwa hiyo usimchoshe mtoto, alichozaliwa nacho ndicho hichohicho." Akapigiwa makofi na kila mtu. Nilianza kumjibu palepale, jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe, nikaona bora nije kufungua wangu.

Namba aliyoitaja haiko mbali na ukweli. Maana aliyoipa ndiyo imepotoka. Kazi yangu ni kuchakata picha za ubongo za utafiti. Si daktari, kwa hiyo naomba msinitumie picha za wagonjwa wenu faraghani.

Tuanze na kitu chenyewe. Ukipasua ubongo, hata wa ng'ombe, utaona ganda la nje ni la kijivu na ndani kumejaa kitu cheupe, weupe wa mafuta yaliyoganda. Hiyo ndiyo maada nyeupe, yaani nyaya tunazozizungumzia, na weupe wake ni wa mafuta kweli. Seli ya neva hutoa mkia mrefu, aksoni, wa kupeleka ishara kwa seli za mbali. Mkia huo huvishwa mayelini, tabaka juu ya tabaka kama bandeji kwenye kidole, na karibu robo tatu ya uzito mkavu wa mayelini ni mafuta. Anayevisha ni seli nyingine, oligodendrosaiti, na moja inaweza kuhudumia vipande kadhaa wa kadhaa vya aksoni kwa wakati mmoja. Kati ya kipande na kipande huachwa upenyo mdogo, ishara inaruka kutoka upenyo hadi upenyo. Aksoni iliyo uchi hupeleka ishara kwa mwendo wa mtu anayetembea. Iliyo nene na iliyovishwa vizuri inaweza kufika mita 100 kwa sekunde.

Mkanda unaounganisha nusu mbili za ubongo, kopasi kalosamu, peke yake una aksoni kama milioni 200. Watafiti wa Denmark mwaka 2003 walikadiria kwamba nyuzi zote zenye mayelini za kijana wa miaka 20, ukizipanga mstari mmoja, zinafika kilomita 149,000 kwa mwanamke na 176,000 kwa mwanamume. Ndani ya kichwa kimoja.

Kwa mtu aliye hai tunazionaje? Kwa kuyavizia maji. Molekuli za maji hazitulii. Zikiwa ndani ya fungu la nyuzi zilizolala upande mmoja, zinateleza kirahisi kufuata urefu wa nyuzi. Zikitaka kukatiza, zinakwama. Mashine ya MRI inaweza kupima mhangaiko huo kila upande. Mwaka 1994 mtafiti Peter Basser na wenzake walionyesha namna ya kuufanyia hesabu, na tangu hapo kila kipande kidogo cha picha kinaweza kupewa alama kati ya 0 na 1: 0 maji yanakwenda popote, 1 yanafuata mstari mmoja tu. Alama hiyo tunaiita FA. Kwenye kompyuta nyuzi za kushoto-kulia zinapakwa nyekundu, za mbele-nyuma kijani, za juu-chini bluu. Kopasi kalosamu inatokea kama upinde mwekundu katikati ya kichwa, na baada ya mamia ya vichwa bado huwa nasimama kidogo kuutazama.

Nitaendelea. Maswali ruksa.

#2 KambiRasmi

Naweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

#3 MbishiHalali

Maelezo mazuri ila hujasema lolote kuhusu kurithi. Hiyo asilimia 50 inatoka wapi? Kuna mtu amefungua kichwa akakuta nusu ya nyaya zimeandikwa "za baba na mama"?

#4 FundiPicha

@MbishiHalali umeuliza kwa kejeli lakini kejeli yako imegonga penyewe. Hakuna nusu ya nyaya iliyorithiwa na nusu nyingine iliyojengwa. Namba ile haizungumzii kichwa cha mtu mmoja hata kidogo.

Inapatikana hivi. Unachukua mapacha wengi wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni karibu vilevile, na mapacha wengi wasiofanana, ambao kwa wastani wanashirikiana nusu tu ya kile kinachotofautisha watu. Wote wamelelewa nyumba moja, wamezaliwa siku moja. Unapima FA ya njia fulani kwa kila mmoja. Kisha unauliza: FA ya Kulwa inatabiri ya Doto kwa kiasi gani? Tuseme, mfano tu, kwa wanaofanana uhusiano ni 0.7 na kwa wasiofanana ni 0.4. Tofauti ni 0.3, unazidisha kwa mbili, unapata 0.6. Basi utasikia mtu anasema "kiwango cha urithi ni asilimia 60". Siku hizi hesabu ni ndefu zaidi, ila mzizi wake ni huo. Kwa njia nyingi kubwa za maada nyeupe, tafiti za mapacha huangukia nusu au zaidi.

Kinachopimwa pale ni TOFAUTI kati ya watu. Katika kundi hili, kwa mazingira haya, tofauti za watu zinaendana na tofauti za jeni kwa kiasi gani? Basi.

Ukitaka kuona namba hii inavyoweza kukuhadaa, chukua vidole. Idadi ya vidole vya mkono imeandikwa na jeni, hakuna mjadala, ndiyo maana sisi tuna vitano na ng'ombe ana kwato. Lakini kusanya watu wazima uulize kwa nini baadhi wana vinne: majibu mengi yatakuwa msumeno, mashine, ajali. Tofauti haikuletwa na jeni, kwa hiyo kiwango cha urithi cha idadi ya vidole kinakaribia sifuri. Yaani jambo lililo mikononi mwa jeni kuliko yote, na namba inasoma sifuri!

Na kinyume chake. Walee watoto wote kwa lishe ileile, usingizi uleule, shule ileile. Tofauti za mazingira zimefutika, kwa hiyo zitakazobaki ni za jeni, na kiwango cha urithi kitapanda. Hakuna jeni hata moja iliyobadilika.

#5 MbishiHalali

Sawa, la vidole nimelielewa, na limeniudhi kwa sababu sina la kujibu. Lakini bado unazunguka. Jibu ndiyo au hapana: akili ni ya kurithi?

#6 FundiPicha

Sijafungua uzi wa akili. FA inapima maji, mkuu. Uhusiano wa FA na alama za mitihani ya akili upo lakini ni hafifu. Ukinipa picha ya maada nyeupe ya mtu nisiyemjua siwezi kukuambia kama ni mwepesi wa hesabu. Atakayekwambia anaweza, shika mfuko wako.

#7 KodiKwanza

Mimi ni mtu wa programu, niingilie kidogo. Binadamu ana jeni zinazotengeneza protini kama 20,000 hivi. Seli za neva kwenye ubongo ni bilioni 86. Miunganisho ni matrilioni. Herufi zote za vinasaba ni bilioni 3 kwa seti moja. Hata ungetumia kila herufi kuandika "seli hii iunganishwe na ile", ungeishiwa kabla hujamaliza kona moja. Kwa hiyo jeni haziwezi kuwa na ramani. Lazima ziwe na kanuni, na ramani ijitokeze yenyewe kanuni zikitekelezwa. Niko sahihi?

#8 FundiPicha

@KodiKwanza uko sahihi kabisa, na baadhi ya kanuni hizo zinajulikana kwa majina.

Aksoni inapokua kwa kijusi, ncha yake inanusa njia. Kuna seli zinazotoa kemikali za kuita na nyingine za kufukuza. Mojawapo inaitwa netrini, iligunduliwa kwa wanyama wenye uti wa mgongo mwaka 1994, na walioipa jina walichukua neno la Kisanskriti lenye maana ya anayeongoza. Ncha ya aksoni ina kipokezi kiitwacho DCC cha kuisikia netrini. Kuna kundi jingine, SLIT na vipokezi vyake ROBO, kazi yao ni kusema "ukishavuka mstari wa katikati, usirudi". Kwa hiyo jeni inatoa agizo la aina ya "fuata harufu hii mpaka upate ile". Aksoni milioni zinatii agizo lilelile, njia kuu inatokea pale pale kwa karibu kila binadamu, lakini uzi upi umekaa wapi ndani ya fungu hakuna aliyeandika.

#9 Viungo_na_Mifupa

Hapo kwenye kuvuka katikati, ngoja nichangie. Nafanya fiziotherapia. Aliwahi kuletwa binti wa miaka tisa, malalamiko yalikuwa "anaandika vibaya". Nikampa chupa nikamwambia aizungushe kifuniko kwa mkono wa kulia. Akazungusha vizuri. Wa kushoto, ambao nilimwomba auweke pajani, nao ukazunguka hewani bila chupa. Vidole vilevile, kasi ileile. Nikamwambia auzuie, akauma mdomo, akajitahidi, ukatulia kidogo kisha ukaanza tena. Mama yake akacheka akasema, "Hata mimi nilikuwa hivyo utotoni," akanionyesha.

#10 FundiPicha

@Viungo_na_Mifupa hilo simulizi ni dhahabu. Huko ni kujongea kwa kioo: mkono mmoja unamuiga mwenzake. Kwa kawaida nyuzi nyingi zinazotoka ubongoni kwenda kuamrisha mikono huvuka upande wa pili chini ya ubongo kabla ya kuingia uti wa mgongo. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba katika baadhi ya familia zenye hali hii, jeni ya DCC ndiyo yenye kasoro, ileile ya kipokezi cha netrini. Nyuzi hazivuki inavyotakiwa, amri ya mkono mmoja inafika kwa yote miwili. Kwa binti yako siwezi kusema ni jeni ipi, maana si DCC pekee, lakini mama kuwa nayo ni dalili nzuri ya wapi pa kutafuta.

#11 KambiRasmi

Mama akaonyesha na yeye 😂 Sayansi ya sebuleni.

#12 Mama_Wawili

Samahani naingia na jambo zito kidogo. Mwanangu wa kwanza alianza kutembea kwa wakati, akakimbia, halafu karibu na miaka miwili akaanza kuanguka. Hospitali moja ikasema ni uvivu wa miguu, nyingine ikasema upungufu wa vitamini. Miezi minane ikapita. Mwishowe tukaambiwa ni lukodistrofi ya metakromatiki, ugonjwa wa kurithi unaoharibu mayelini, mimi na baba yake wote tumebeba jeni mbovu bila kujua. Hatunaye tena. Swali langu: kwetu haikuwa tofauti za watu wala asilimia. Ilikuwa jeni moja tu. Hayo ya mapacha yanaingiaje?

#13 FundiPicha

Pole sana dada yangu. Na samahani kwamba nilianza uzi kwa maneno ya namba tu.

Ulichosema ni kweli, kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwenu ni la kwanza: jeni moja ikiharibika, mayelini yote inaathirika. Hapo ni ARSA, jeni ya kimeng'enya kinachovunja aina fulani ya mafuta ya mayelini. Kimeng'enya kikikosekana, mafuta yanarundikana mpaka seli zinazovisha aksoni zinakufa. Kila mzazi ana nakala moja nzima na moja mbovu, mwenyewe haumwi, na kwa kila mimba uwezekano wa mtoto kupata mbili mbovu ni 1 kati ya 4. Magonjwa ya jamii hii ni mengi: Krabbe ni jeni ya GALC, Pelizaeus-Merzbacher ni PLP1, adrenolukodistrofi ni ABCD1 iliyo kwenye kromosomu X, ndiyo maana huwapiga zaidi wavulana.

Kwa metakromatiki sasa kuna tiba ya jeni. Wanachukua seli za shina za damu za mtoto mwenyewe, wanaziwekea nakala nzima ya ARSA, wanamrudishia. Ulaya iliidhinishwa 2020, Marekani 2024. Shida ni kwamba inafaa zaidi kabla dalili hazijaanza au zikiwa changa sana, na mtoto asiye na dalili nani atampima? Mara nyingi anayeokolewa ni mdogo wa aliyeugua.

#14 Mama_Wawili

Mdogo wake tulimpima akiwa na wiki tatu. Amebeba moja tu, kama sisi. Ana miaka sita, hatulii.

#15 FundiPicha

Alhamdulillahi. Asitulie tu.

Niongeze kitu kimoja kwa ajili ya @MbishiHalali, maana najua atasema "unaona, jeni ndiyo kila kitu". Hiyo ABCD1: ndugu wawili wenye kasoro ileile, mmoja ubongo unaanza kuharibika akiwa na miaka saba, mwingine anafika utu uzima na shida ya miguu tu. Hata mapacha wa kufanana wameripotiwa kutofautiana. Jeni moja, kasoro moja, vinasaba vyote sawa, na bado njia mbili. Kitu kingine kinaamua nani moto unamwakia ubongoni, na hakijajulikana vizuri.

#16 MbishiHalali

Nilikuwa naandika hivyohivyo, nimefuta.

Sasa hilo la pili ni lipi? Ulisema mambo mawili.

#17 FundiPicha

La pili ni tofauti za kawaida, za mimi na wewe wenye afya zetu. Huko hakuna jeni moja yenye neno. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa watu 43,802, wengi wao kutoka hazina ya data za afya ya Uingereza iitwayo UK Biobank, wakatafuta ni sehemu zipi za vinasaba zinaendana na vipimo vya maada nyeupe. Wakapata maeneo 109. Kila eneo mchango wake ni mdogo mno, yaani ukijua la mtu mmoja hujajua kitu. Kilichonifurahisha ni kwamba mabadiliko mengi hayakuwa ndani ya jeni zenyewe bali kwenye swichi za kuziwasha na kuzizima, hasa ndani ya oligodendrosaiti, yule mvishaji wetu wa mwanzo. Jeni moja inayojitokeza tafiti baada ya tafiti ni VCAN, ya protini inayokaa nje ya seli, kwenye utando unaozishikilia. Nani angekisia hiyo?

Tahadhari: wengi wa waliopimwa wana asili ya Ulaya. Ukichukua alama za kukisia vipimo hivi zilizotengenezwa kwa vinasaba vyao ukazipeleka kwa watu wa asili nyingine, zinapwaya.

Na urithi hausambai sawasawa ubongoni. Sehemu chache za ubongo ni vituo vikuu, zimeungana na sehemu nyingine nyingi mno. Mwaka huohuo 2021 watafiti walioongozwa kutoka Australia walitumia data ya mapacha wa Human Connectome Project, mradi wa kuchora ramani ya miunganisho ya ubongo, wakaona kwamba miunganisho ya kituo kikuu kwa kituo kikuu ndiyo inayoendana na jeni kuliko ya pembezoni. Miunganisho hiyo ni mirefu na ghali kwa nishati. Mimi naona inaleta maana: kitu ghali hakiachwi kijipange chenyewe.

#18 KodiKwanza

Na mafunzo je? Ukijifunza kitu waya zinabadilika, au hiyo ni hadithi ya wauza semina?

#19 FundiPicha

Wauza semina wamezidisha chumvi lakini chungu chenyewe kipo. Oxford mwaka 2009 waliwafundisha watu wazima kurusha na kudaka mipira mitatu kwa wiki sita. Kundi la mafunzo lilikuwa watu 24. FA ilipanda katika eneo la nyuma la ubongo linaloshughulikia jicho na mkono. Kwa wasiofundishwa haikupanda. Kwa panya ushahidi ni mkali zaidi. Mwaka 2014 maabara ya London ilizima jeni iitwayo Myrf kwa panya wazima ili wasiweze kutengeneza mayelini mpya, ya zamani wakaachiwa. Wakapewa gurudumu la kukimbilia lenye vyuma vilivyopangwa kwa nafasi zisizolingana. Wenzao walilizoea, hawa wakawa wanasuasua. Mayelini mpya ilihitajika ili kujifunza.

Na upande wa huzuni: Romania watoto waliolelewa kwenye vituo bila mtu wao wa karibu walipopimwa baadaye walikuwa na tofauti kwenye njia kadhaa za maada nyeupe, na waliohamishiwa kwenye familia mapema, tofauti nyingine zilipungua. Hao walichaguliwa kwa bahati nasibu nani aende nani abaki, ndiyo maana ushahidi wake una uzito.

Ujazo wa maada nyeupe huendelea kuongezeka mpaka karibu na miaka 30. Kitu kinachojengwa kwa miaka 30 kina muda mwingi wa kupokea ya dunia.

#20 MbishiHalali

Nimekuelewa. Ila nina wasiwasi na FA yenyewe. Umesema inapima maji. Sasa mnarithisha maji?

#21 FundiPicha

Ndiyo swali nililokuwa naliogopa, na umefika nalo mwishoni kama mwizi.

FA si kipimo cha ubora wa waya. Njia mbili zikikatizana ndani ya kipande kimoja cha picha, FA inashuka hata kama zote ni nzima, na sehemu kubwa ya maada nyeupe ina makutano ya hivyo. Kuchora njia za nyuzi kwa kompyuta kutoka kwenye picha hizo nako kuna aibu yake. Mwaka 2017 vikundi 20 vya utafiti vilipewa data ya ubongo wa kutengenezwa kwenye kompyuta, njia zake halisi zinajulikana. Programu zao zilipata karibu zote za kweli, kisha zikaongeza njia za uongo zaidi ya zile za kweli. Tangu nisome hiyo, mchoro wa rangirangi haunileweshi tena.

Halafu kuna hili ambalo nje ya fani halisemwi. Mtu akitikisa kichwa ndani ya mashine, FA inaharibika. Na kutikisa kichwa ndani ya mashine, mapacha wakipimwa, kumeonekana kuwa ni kwa kurithi kwa kiasi cha kutosha. Kwa hiyo usiposafisha vizuri, sehemu ya "urithi wa nyaya" unayoitangaza inaweza kuwa urithi wa kutotulia. Tunasafisha. Siku nyingine nalala nikijiuliza kama tumesafisha vya kutosha.

#22 DotoMtulivu

Nimesoma uzi wote kimya, sasa nashindwa. Mimi ni pacha wa kufanana na tuliwahi kushiriki utafiti wa namna hii. Nilirudishwa kwenye mashine mara ya pili kwa sababu nilijikuna pua nikatikisa kichwa. Kulwa wangu alipimwa wiki iliyofuata, hatukuwa tumezungumza. Jioni akanipigia akiwa amekasirika: wamemrudisha ndani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Pua iliniwasha."

#23 FundiPicha

@DotoMtulivu kwa jina hilo hilo? Naomba ruhusa nikusimulie kwa wanafunzi wangu Jumatatu.